Intafesi Haichomolewi kwa Kitufe

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Voi anayesomea uandishi wa programu aliniandikia barua pepe. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, ni chombo kipi kizuri zaidi cha kuchomoa intafesi kutoka kwenye klasi? Tumeambiwa kila klasi iwe na intafesi yake, na mimi nina klasi 64."

Nikamjibu kwa mistari miwili. Nilimwambia vyombo vyote vinavyojulikana ni vizuri, na kwamba asitumie hata kimoja mpaka aniambie ni nani atakayeitumia kila intafesi atakayoichomoa. Hakufurahi. Akaandika tena: "Kaka, hilo si jibu."

Ana haki. Basi jibu refu ni hili hapa. Naliandika nikiwa nyumbani Wusi, umeme upo, na ukungu umefunika mashamba ya mkonge kule chini Mwatate. Nitasema wazi tangu mwanzo ninaposimama: kuchomoa intafesi kwa kitufe, bila kujua ni nani anayeihitaji, ni kazi bure. Na wakati mwingine inawaumiza watu ambao hawajawahi kuona hata mstari mmoja wa msimbo.

Kwanza maneno yenyewe

Wale msio waandishi wa programu msikimbie, nawaeleza kwa lugha ya duka.

Klasi ni kama muuzaji mzima pamoja na duka lake. Ana daftari la madeni, ana droo ya pesa, anajua alinunua mali kwa bei gani. Kila kazi anayoweza kuifanya twaiita methodi: kupima unga, kutoa chenji, kuandika deni, kuagiza mali kutoka Voi. Intafesi ni kile kibao cha nje kinachosema: hapa twauza unga, mafuta na sukari. Kibao hakisemi muuzaji ni nani wala unga unatoka wapi. Kinatoa ahadi tu. Muuzaji akienda likizo na ndugu yake akaja kushika duka, mteja hana habari, unga anaupata.

Najua wengine huita intafesi kiolesura. Sina ugomvi, ila neno hilo watu wengi wamelizoea kwa sura ya programu kwenye skrini, kwa hivyo hapa nitasema intafesi.

Neno la tatu ni kurifakta. Maana yake ni kuupanga upya msimbo bila kubadili kazi unayoifanya, kama mtu anayepanga upya vyombo jikoni na chakula kinabaki kile kile. Jambo hili lina historia. Mwaka 1992 William Opdyke aliandika tasnifu juu yake katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Baadaye John Brant na Don Roberts wakatengeneza chombo cha kurifakta kwa lugha ya Smalltalk. Mwaka 1999 Martin Fowler akatoa kitabu chake kilicholifanya neno hilo lijulikane kila mahali, na kuchomoa intafesi kulikuwa mojawapo ya mbinu alizoziorodhesha. Mwaka 2001 zikaja Eclipse na IntelliJ IDEA kwa watu wa Java, na Visual Studio ya 2005 ikawaletea watu wa C# menyu kama hiyo. Tangu hapo, kazi iliyokuwa ya nusu siku imekuwa ya kubonyeza.

Chombo kinafanya nini hasa

Tukitukane chombo kwa haki. Ukibonyeza, kinakuonyesha orodha ya methodi za wazi za klasi yako, nawe unaweka tiki kwenye zile unazozitaka. Unaipa intafesi jina. Chombo kinaandika faili jipya, kinaiambia klasi yako itimize intafesi hiyo, kisha kinapita msimbo wote kutafuta mahali palipotajwa klasi na kuuliza: je, hapa naweza kuweka jina la intafesi badala yake bila kuharibu kitu?

Hilo swali la mwisho si mchezo. Tuseme sehemu fulani inaita methodi ambayo hukuiwekea tiki. Hapo jina la klasi haliwezi kubadilishwa. Na kama sehemu hiyo inampa mwenzake kitu hicho hicho, na mwenzake naye anampa wa tatu, basi mlolongo mzima lazima uangaliwe. Mwaka 2003 Frank Tip, Adam Kiezun na Dirk Bäumer walieleza jinsi ya kulitatua kwa hesabu za masharti ya aina za data, na kazi hiyo iliingia ndani ya Eclipse. Ni kazi safi. Mimi nikifanya kwa mkono nitasahau sehemu moja kati ya hamsini, chombo hakisahau.

Kwa hivyo sisemi chombo ni kibovu. Chombo kinajibu swali moja kwa ustadi mkubwa: je, mabadiliko haya ni salama? Swali jingine, je, yana maana?, hakiulizi kabisa. Sisi ndio tunaolisahau, kwa sababu jibu la kwanza limekuja haraka mno na kwa alama ya kijani.

Siku nilipobonyeza

Nitawapa kisa changu, na lawama ni zangu. Mwaka 2018 niliandika programu ya kutoza ada kwa mradi mmoja wa maji wa jamii, huku milimani. Mradi wenyewe siutaji. Nyumba 112, mita moja kwa kila nyumba, ankara kila mwezi, malipo kwa M-Pesa. Nilikuwa na klasi niliyoiita MalipoMpesa, yenye methodi 23 za wazi: ya kupokea malipo, ya kupata nambari ya muamala, ya kupata nambari ya simu ya mlipaji, ya kusoma jibu kutoka kwa mtandao, na kadhalika.

Kamati ikaniambia kuna watu wanaolipa pesa taslimu kwa mweka hazina. Wengi ni wazee. Mmoja wao laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la mwanawe aliye Mombasa. Mwingine simu anayo lakini PIN haikumbuki. Hao wanakuja na noti mkononi na wanataka risiti ya karatasi.

Nikajiambia, hii ndiyo kazi ya intafesi. Nikabonyeza. Orodha ya methodi 23 ikatokea, na pembeni kuna kitufe cha kuchagua zote. Nikachagua zote. Jina? Nikaweka herufi I mbele ya jina la klasi: IMalipoMpesa. Chini ya dakika moja nilikuwa nimemaliza, majaribio yote yakapita, nikajisikia fundi.

Kisha nikaandika klasi ya pili, MalipoTaslimu. Kompaila ikanidai methodi zote 23, kwa sababu ndivyo nilivyoahidi. Nambari ya muamala ya pesa taslimu ni ipi? Haipo. Nikarudisha maandishi matupu. Nambari ya simu? Matupu. Jibu la mtandao? Matupu. Kati ya methodi 23, 4 tu ndizo zilizokuwa na kitu cha kweli cha kusema. Zile 19 zilikuwa uongo wa adabu.

Sasa ripoti ya madeni. Ripoti iliyapanga malipo kwa nambari ya muamala, kama kabati lenye droo ambapo kila droo ina nambari yake. Malipo ya M-Pesa kila moja liliingia kwenye droo yake. Malipo ya taslimu yote yalikuwa na nambari ile ile, yaani hakuna, kwa hivyo yote yaliingia kwenye droo moja, kila jipya likimtoa aliyetangulia. Nyumba 19 zililipa taslimu mwezi huo. Ripoti ikaona 1. Nyumba 18 zikaingia kwenye orodha ya kukatiwa maji.

Ilikuwa kabla ya mvua za vuli. Fundi wa mradi si mtu mbaya, alipewa karatasi akafuata karatasi. Kabla hatujagundua, nyumba 7 zilikuwa zimekatiwa. Niligundua kwa sababu mama mmoja, rika la mama yangu, alipanda mpaka kwetu na mtungi mtupu. Aliniwekea risiti mezani, yenye sahihi ya mweka hazina, akasema, "Mwanangu, kompyuta yako yasema sijalipa. Na hii ni ya nani?"

Sikuwa na la kumwambia. Nikamwambia, "Samahani, mama, kosa ni langu." Akaniuliza kosa lipi. Hebu mwelezeni mtu aliyechota maji bondeni siku tatu kwamba uliweka tiki kwenye visanduku 23.

"Lakini kosa ni la ripoti"

Nawasikia. Mtasema ripoti ndiyo iliyoandikwa vibaya, intafesi haina hatia. Ni kweli ripoti ilikosea. Lakini ilikosea kwa ruhusa ya nani?

Intafesi yangu ilitamka kwa sauti kwamba kila malipo yana nambari ya muamala. Ripoti iliamini. Kompaila ilithibitisha. Mtu yeyote aliyesoma msimbo ule angeamini vile vile. Nilichukua jambo linalohusu M-Pesa peke yake nikaligeuza kuwa sheria ya malipo yote duniani. Klasi ya zamani ilikuwa nyofu kuliko intafesi: ilijiita MalipoMpesa na mtu alijua anashughulika na nini.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu nzima. Intafesi ni ahadi kwa yule anayeomba. Orodha ya kila kinachoweza kufanywa na yule anayejibu ni kitu kingine kabisa. Ripoti ilihitaji kujua mambo matatu: ankara ipi imelipwa, kiasi gani, lini. Basi. Kama ningeanza na ripoti nikauliza inataka nini, nambari ya muamala isingetokea popote. Nilianza upande usio wake. Na nilianza huko kwa sababu chombo huanza huko: unakielekeza kwenye klasi, nacho kinakupa picha ya klasi. Kivuli cha mtu si ahadi ya mtu.

Si jambo jipya pia. Robert C. Martin, alipokuwa mshauri wa Xerox, alikutana na klasi moja kubwa ya kazi za uchapishaji iliyotumiwa na kila sehemu ya mfumo, hata ile inayohusika na kubana karatasi tu. Kutoka hapo akaja na kanuni kwamba mteja asilazimishwe kutegemea methodi asizozitumia. Kanuni hiyo inafundishwa kila mahali. Kisha mwanafunzi yule yule anapewa kitufe kinachoivunja kwa sekunde tano.

Kitufe kinakuzawadia kwa kukosea

Na hapa nina malalamiko mahususi zaidi. Kumbukeni nilivyoeleza: chombo kikishaandika intafesi, kinabadilisha jina la klasi kila mahali panaporuhusu. Sasa fikirini. Ukiweka tiki chache, sehemu nyingi zitabaki na jina la klasi, kwa sababu zinaita methodi ambazo hazimo kwenye intafesi. Kazi itaonekana nusu. Ukiweka tiki zote, karibu kila sehemu itabadilishwa. Kazi itaonekana imekamilika, safi, hakuna masalio.

Yaani kadiri unavyofikiri kidogo, ndivyo matokeo yanavyopendeza machoni. Anayechagua kwa makini anaona fujo, asiyechagua anaona usafi. Mwanafunzi wa Voi mwenye klasi 64 ataelekea wapi? Tunajua.

Lakini yale masalio ndiyo habari yenyewe! Kila mahali palipokataa kubadilishwa ni mahali panapojua mambo ya ndani ya klasi kupita kiasi. Pale pana la kurekebisha, na hiyo orodha umepewa bure. Ukichagua zote unaifuta orodha hiyo kwa mkono wako mwenyewe.

Tazama reli

Kwa sisi wa Taita Taveta mfano mzuri wa intafesi uko chini pale Voi. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa na upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma. Wajerumani nao, upande wa pili wa mpaka, walijenga reli yao ya Usambara kutoka Tanga kwenda Moshi, na wao pia wakachagua mita 1. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walijenga tawi kutoka Voi kupitia Taveta, likaungana na reli ya Wajerumani pale Kahe. Maadui wawili, injini tofauti, viwanda tofauti, lugha tofauti. Reli zikaungana, kwa sababu jambo moja lililohitajika kufanana lilikuwa linafanana.

Je, upana huo ulichomolewa kutoka kwenye injini fulani? Hapana. Uliamuliwa kwanza, na watu waliojua kitu gani kitapita juu ya reli. Kama mtu angechukua injini moja ya mvuke na kuweka tiki kwenye kila sifa yake, ukubwa wa tangi la maji, urefu wa dohani, kiti cha dereva, hakuna injini nyingine ambayo ingekanyaga reli ile.

Tena tazameni kinachodumu. Injini za mvuke zimeondoka, zikaja za dizeli. Mita 1 ilibaki. Mwaka 2017 ilipoanza SGR, yenye upana wa milimita 1,435, Voi ikawa na reli za aina mbili, na behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Sisemi uamuzi ulikuwa mbaya au mzuri, hilo si la leo. Nasema tu kwamba intafesi ni kitu utakachoishi nacho miaka mingi baada ya kilichokuwa nyuma yake kutupwa. Kitu cha namna hiyo huamuliwi na menyu.

Na M-Pesa je?

M-Pesa yenyewe inafundisha somo hilo hilo pande zote mbili. Ilizinduliwa Machi 2007. Mwaka 2015 mitambo yake ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya, ikawekwa kwenye mfumo mpya. Yule mama wa mtungi, kama angekuwa na laini kwa jina lake, asingeona tofauti kubwa: chagua kutuma pesa, weka nambari, weka kiasi, weka PIN. Nyuma ya pazia kila kitu kimebadilika, mbele ahadi ni ile ile. Hiyo ni intafesi iliyoanza na anayeomba.

Upande wa pili tulikuwa sisi waandishi wa programu. Kabla ya Safaricom kufungua Daraja mwaka 2017, wengi wetu tulisoma malipo kutoka kwenye SMS za uthibitisho. Programu inasubiri ujumbe uingie kwenye simu iliyochomekwa kwenye kompyuta, inakata maneno, inatoa jina, kiasi na nambari. Ilifanya kazi mpaka siku neno moja la ujumbe libadilike. Tulilalamika sana, lakini nani alituahidi kwamba maneno yale hayatabadilika? SMS iliandikwa isomwe na binadamu. Sisi ndio tulioona kitu kikiwa wazi tukakifanya mkataba. Kuwa wazi si kuahidiwa. Methodi kuwa ya wazi ndani ya klasi hakuifanyi istahili kuingia kwenye intafesi.

Majibu kwa wapinzani

Hoja ya kwanza: "Chombo kinakuruhusu kuchagua, kwa hivyo tatizo ni mtumiaji." Nakubali nusu. Lakini ili uchague unahitaji kujua nani anaita nini, na orodha inayokuja mbele yako haionyeshi hilo, inaonyesha majina ya methodi tu. Ni kama kumpa mtu kadi ya kura yenye majina bila kumwambia ni kiti gani kinagombewa.

Hoja ya pili: "Nahitaji intafesi ili niandike majaribio." Hii ni hoja nzito, na Michael Feathers katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu msimbo wa zamani aliitaja mbinu hii kama njia salama ya kukata utegemezi. Sipingi. Jaribio ni mteja wa pili wa kweli. Lakini jaribio nalo huita methodi mbili au tatu. Chomoa hizo.

Hoja ya tatu: "Kila klasi iwe na intafesi, ndiyo kanuni ya kazini kwetu. Kesho huenda tukahitaji nyingine." Kesho huenda. Lakini intafesi yenye klasi moja tu nyuma yake, yenye methodi zile zile kwa mpangilio ule ule, haijatenganisha chochote. Umeongeza faili. Anayesoma atabonyeza mara mbili badala ya moja kufika kwenye msimbo wenyewe, na kila ukibadilisha methodi utabadilisha sehemu mbili. Na kesho ikifika kweli, utagundua ulichokisia leo sicho, kama mimi nilivyogundua. Kitufe bado kitakuwepo. Ngoja.

Hoja ya nne ni ya siku hizi: "Naiambia akili bandia iniandikie." Haya. Wasaidizi hao wamejifunza kutokana na msimbo wetu, na msimbo wetu umejaa kina IMalipoMpesa. Ukiwaambia wachomoe intafesi, mara nyingi watakurudishia picha ile ile, na maelezo matamu juu yake. Tofauti ni kwamba sasa klasi 64 zitaisha kabla chai haijapoa. Ukiwaonyesha anayeita na kuwauliza anahitaji nini, watakusaidia vizuri zaidi. Lakini hilo swali ni wewe wa kuliuliza.

Basi tufanyeje

Njia ninayoifuata tangu 2018 si ya kujivunia, ni ya kawaida tu.

Moja: fungua msimbo wa anayeita, usifungue klasi kwanza. Andika kwenye karatasi anaita methodi zipi. Watu wa lugha ya Go wana desturi nzuri hapa: intafesi huandikwa kule inakotumika, na klasi haihitaji hata kutangaza kwamba inaitimiza. Katika Java na C# unaweza kuiga roho hiyo.

Mbili: tafuta jina linalotokana na haja ya anayeita. Kama jina pekee unalolipata ni jina la klasi lenye herufi I mbele, au unajikuta unaiita klasi yako jina lile lile lenye neno la utekelezaji nyuma, simama. Hujapata intafesi bado.

Tatu: hapo sasa bonyeza kitufe. Weka tiki kwenye zile mbili au tatu. Acha chombo kifanye kile kinachokijua vizuri, kupita msimbo mzima bila kusahau. Kisha soma masalio moja baada ya jingine.

Nne: jiulize kama mtekelezaji wa pili anaweza kujibu kila methodi bila kudanganya. Akilazimika kurudisha maandishi matupu hata mara moja, hiyo methodi si yake, iondoe.

Programu ya maji nikaiandika upya sehemu hiyo. Intafesi ya leo ni hii, nzima:

interface MpokeaMalipo {
    Stakabadhi pokea(Ankara ankara, Kiasi kiasi);
    boolean imelipwa(Ankara ankara);
}

Methodi mbili. M-Pesa inazijibu, taslimu inazijibu, na kamati ilipoleta malipo ya benki sikugusa ripoti hata kidogo. Nambari ya muamala imebaki ndani ya MalipoMpesa, kwao.

Kwa hivyo, ndugu yangu wa Voi, chombo kizuri zaidi ni kile ambacho tayari unacho. Usinitumie orodha ya klasi 64. Nitumie moja, pamoja na msimbo wa wale wanaoiita, tuitazame pamoja. Nakisia kati ya hizo 64 utahitaji intafesi 5 au 6, na zilizobaki ziache zilivyo, hazina kosa. Na mwalimu akikuuliza ziko wapi nyingine, mwambie bado hajaja mtu wa kuziomba.

Kwa leo naishia hapa. Yule mama tunasalimiana vizuri, na kila nikipita kwake huniuliza kama kompyuta imemwona mwezi huu. Humwambia imemwona.